Nakala Mbili kwenye Seva ya Zahanati

Alhamisi, wiki ya pili ya Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile inayokaa kwenye vidole hata ukivisugua. Matope kutoka steji ya matatu hadi kazini. Jua halikutoka.

Naandika kabla sijatafuta sababu ya kutoandika. Mimi masomo yangu si mengi, niliachia kidato cha pili, na kawaida nikiandika nafuta zaidi ya ninavyoacha. Leo sitafuta. Nikijipendelea mahali, itakuwa ni kwa kutoona.

Kazi yangu ni kuangalia kompyuta za zahanati moja ya kanisa huku upande wa Makadara. Ile kubwa, tunayoiita seva, iko kwenye chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa. Ndani yake mna faili za wagonjwa, majibu ya maabara na foleni ya asubuhi. Ikilala, zahanati nzima inarudi kwenye karatasi, na watu wanaanza kusukumana mlangoni. Kazi yenyewe sikuisomea. Niliiokota kidogo kidogo nikiwa nachapia watu barua kwenye duka la intaneti kule Majengo.

Programu huwekwa kwenye seva kwa njia mbili, na lazima nizieleze, maana aibu yangu imo humo. Njia ya kwanza ni ya kifurushi. Ni kama kununua sare ya shule iliyoshonwa tayari. Kuna watu mahali, siwajui, walioijenga programu, wakaijaribu, wakaifunga. Wewe unaandika amri ya mstari mmoja, inaingia. Ikigunduliwa ina tundu ambalo wezi wanaweza kupitia, watu haohao wanaliziba, na kesho ukiandika amri ileile unapata iliyozibwa. Njia ya pili ni kuchukua msimbo wenyewe, yale maandishi ambayo programu imetungwa nayo, ukaijenga hapohapo kwenye mashine yako. Hiyo ni kama kupeleka kitambaa kwa fundi. Inakukaa vile unavyotaka. Lakini mtoto akirefuka, ni wewe wa kukumbuka kurudi kwa fundi. Hakuna mtu atakayekugongea mlango kukukumbusha.

Sisemi kujenga mwenyewe ni vibaya. Wako watu wanaojenga kwa sababu ya maana, na wanaandika walichofanya, na hawamsumbui mtu. Mimi miaka mitatu iliyopita nilikuwa na nusu ya sababu. Programu inayopeleka kurasa kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta za manesi ilikuwa na kasoro, majibu ya maabara yalikuwa yakikatika katikati. Kwenye msimbo mpya kasoro ilikuwa imeshatengenezwa, na kifurushi chake kilikuwa bado. Ningesubiri wiki chache kingekuja. Hiyo ndiyo nusu.

Nusu nyingine ni hii. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Ukambani, alichonga hapo Majengo mpaka macho yakamkataa. Kitu kilichotengenezwa na mashine alikuwa akikigeuza mara moja tu na kukirudisha chini. Nilikua nikijua kwamba mtu wa maana ni yule anayetengeneza. Baba simlaumu, yeye hakuwahi kuniambia nifanye hivyo kwenye seva ya watu. Ila nilipojenga ile programu, maandishi yakawa yanapanda kwenye kioo mfululizo, manesi wawili wakaja kusimama nyuma yangu, na daktari akapita akasema, "Kumbe tuna fundi hapa." Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa mrefu.

Pale kando ya seva kuna kauntabuku nyeusi, daftari lile nene. Ni desturi ya zahanati, na iliwekwa kabla yangu: ukigusa seva, unaandika tarehe, saa, ulichofanya, sahihi. Mwenye kuandika ambalo hakulifanya anaachishwa kazi, kwa sababu humo ndani mna maisha ya watu. Mimi siku ile niliandika, "Nimerekebisha majibu ya maabara." Kweli tupu. Sikuandika kwamba nimejenga kwa mkono, wala mahali nilipoiweka.

Na mahali ndipo penyewe. Kompyuta yetu ina rafu mbili za programu. Moja ni ya vifurushi, nyingine ni ya vitu vilivyojengwa kwa mkono. Ukiita programu, mashine inaangalia kwanza rafu ya mkono. Ikiikuta huko, haiendi kutafuta kwingine. Kwa hiyo tangu siku ile tulikuwa na nakala mbili, ya kifurushi imelala na yangu inafanya kazi. Nilikusudia kuitoa kifurushi kipya kikija. Kifurushi kilikuja. Sikuitoa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakumbuka, baadaye nikawa sikumbuki.

Mwezi wa pili mwaka huu tuliletewa msichana wa kunisaidia. Anakaa Tassia na mama yake, watu wa Murang'a, amesomea chuo kompyuta hizi ambazo mimi nimezipapasa tu. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita, na miezi hiyo inaisha mwisho wa mwezi huu. Mama yake ni mgonjwa wa sukari na yeye ndiye mtoto wa pekee mwenye kazi. Hilo nililijua. Ananiita mzee, mimi namwita dada. Ni mpole, ila si mjinga, na anaandika kwenye ile kauntabuku kwa mwandiko ulionyooka kama aliyepigiwa mistari.

Wiki iliyopita ilikuja barua kutoka makao makuu: programu ile ya kurasa imepatikana na tundu, kila zahanati iweke toleo jipya kabla ya Jumatatu. Nilimwachia yeye. Nilikuwa nimekaa meza ya pili, nikinywa chai. Aliandika amri, mashine ikajibu kwamba toleo jipya limeingia, akaandika kwenye kauntabuku: "Imewekwa." Tarehe, saa, sahihi. Angeweza kuiuliza programu yenyewe ni toleo gani, akahakikisha. Hakuiuliza. Hapo alipungukiwa kidogo, nalitaja kwa kuwa ni kweli. Lakini aliyemfundisha kwamba lile jibu la mashine linatosha ni mimi.

Jumatatu akaja mkaguzi. Mtu mstaarabu, suti ya kijivu, salamu kwa kila mtu hadi bawabu. Alifungua kompyuta yake, akaiuliza seva yetu kutoka nje, wewe ni toleo gani? Programu hujitaja ikiulizwa hivyo. Akasoma namba kwa sauti mbele ya Madam, yaani meneja wetu, mimi, na yule msichana.

Ilikuwa namba ya nakala yangu. Niliijua kama ninavyojua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wangu. Kabla hajafika nukta ya mwisho nilishaelewa kila kitu, rafu mbili, miaka mitatu, yote.

Msichana akasema aliweka. Mkaguzi akasema, bila ukali, kwamba seva haina sababu ya kumsingizia mtu. Madam akaleta kauntabuku, akaweka kidole kwenye lile neno, "Imewekwa." Msichana akanigeukia.

"Mzee, si ulikuwepo? Si uliniona nikiweka?"

Nikasema, "Nilikuona umekaa kwenye kompyuta."

Nimeliandika kama nilivyolisema. Hakuna uongo ndani yake hata chembe. Nimekaa nalo siku tatu sasa, na bado sijapata neno baya zaidi nililowahi kumwambia mtu.

Jumanne niliingia kazini saa moja asubuhi, kabla ya wafagizi. Niliitoa nakala yangu kwenye rafu ya mkono, nikaizima programu na kuiwasha tena, na mashine ikachukua nakala ya kifurushi, ile aliyoiweka yeye. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Nilijiambia namwokoa: mkaguzi akirudia kipimo ataona toleo jipya, mambo yataisha. Kwenye kauntabuku sikuandika kitu. Sasa naona niliyekuwa namwokoa.

Saa nne, kwenye chai, habari zilikuwa zimeshaenea. Yule wa dirisha la dawa, ambaye ni mcheshi na kila siku lazima awe na la kusema, akauliza kama jamani kuna aliyeona toleo jipya. Halafu akasema, "Labda aliweka kwa imani."

Watu wakacheka. Si unajua, zahanati ya kanisa. Nami nikacheka. Msichana alikuwa kwenye sinki akisuuza kikombe, mgongo kwetu. Alikisuuza muda mrefu.

Jumatano mkaguzi akarudia kipimo akiwa ofisini kwao na akakuta toleo jipya. Akampigia Madam. Mimi sikufikiria angeona vipi jambo hilo, na mtu yeyote mwenye akili timamu angelifikiria: aliona kwamba msichana alikamatwa Jumatatu, akaenda kuweka kimyakimya, kisha akanyamaza. Makosa yakawa mawili. Madam akamwita, akamwambia barua yake ya kuachishwa kazi itatoka Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi, na Madam hakupandisha sauti, mimi nilisikia kwa kuwa nilisimama karibu.

Mchana alinifuata kwenye chumba cha seva.

"Mzee, mimi sijaigusa hii mashine tangu Jumatatu. Naogopa hata kuikaribia. Imebadilikaje?"

Nikamwambia pengine ilichelewa tu kujisasisha. Hapo sasa nilidanganya wazi, tena mtu ambaye amesomea jambo lenyewe. Aliniangalia kama anayetaka sana iwe kweli. Akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Leo asubuhi nilifungua kauntabuku kuandika la kawaida, kipanya cha kompyuta ya mapokezi kilikuwa kimekufa. Nikaona pale alipoandika msichana. Neno "Imewekwa" lilikuwa limekatwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake, kwa penseli, mwandiko uleule ulionyooka umekuwa mdogo sana: "Nilidhani imewekwa."

Nilikaa kwenye kiti. Alikuwa ameweka, macho yake yaliona, mkono wake uliandika. Na mimi, kwa siku tatu za kunyamaza, nilikuwa nimemfikisha mahali pa kutojiamini yeye mwenyewe. Kuachishwa kazi ni jambo moja. Hili lilikuwa lingine, na sikuwa nimelihesabu.

Seva huwa inaandika kumbukumbu yake yenyewe. Kila kifurushi kikiingia inaandika jina, toleo, tarehe na saa, bila kuambiwa na mtu. Mkaguzi hakuiangalia. Msichana hakujua ilipo kwenye mashine yetu, kwa sababu sikuwahi kumwonyesha, na sikumwonyesha kwa sababu, nadhani, nilipenda kubaki na kitu ambacho yeye hakijui. Niliichapa kwenye karatasi mbili. Nikaenda kwa Madam kabla wagonjwa hawajajaa, nikabisha, nikabaki nimesimama.

Nilianza vibaya. Nilianza na mambo ya msimbo na vifurushi, nikazunguka, mpaka akanyoosha mkono akachukua karatasi. Akasoma mstari niliokuwa nimeuwekea alama.

"Kwa hivyo yeye aliweka."

"Aliweka, Madam. Siku hiyo, saa hiyo aliyoandika. Ile namba aliyosoma mkaguzi ilikuwa ya programu niliyoijenga mimi miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa imeifunika yake. Na Jumanne ni mimi niliyeitoa."

Nje nilisikia mtoto analia sindano.

"Jumatatu nilikusikia ukisema ulimwona amekaa kwenye kompyuta," akasema. "Mimi nikadhani unamhurumia. Nikadhani hutaki kumsema."

Nilikuwa nimepewa heshima kwa lile neno, na sikujua.

Akamwita msichana. Aliingia akiwa na mkoba begani, labda alifikiri barua imewahi kutoka. Madam akampa karatasi. Aliisoma, akarudia, akaweka kidole kwenye saa. Niliona mabega yake yakishuka. Kisha akaniangalia mimi.

"Mzee, ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Kabla sijakuuliza, ama baada?"

"Kabla."

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mkobani. Akamwambia Madam kwamba hii atabaki nayo, na kwamba ana ombi moja: jambo hili lisemwe kwenye chai, watu wote wakiwepo, maana kwenye chai ndiko alikosemwa. Aliliomba kwa adabu kabisa. Madam akasema ni haki yake.

Saa nne nikasimama karibu na sinki, nikaeleza. Sijawahi kuona chai ikipoa kwenye vikombe vingi kiasi kile. Nilipomaliza, nesi mmoja wa zamani, ambaye tumefanya naye kazi tangu nianze, akasema, "Kumbe fundi ndiye tundu." Hakuna aliyecheka. Yule wa dirisha la dawa aliweka kikombe chini, akaenda hadi kwa msichana, akamwambia, "Pole dada. Huu ulimi wangu." Hilo alilifanya mbele ya kila mtu, naye hakuwa amemkosea nusu ya nilivyomkosea mimi.

Mkaguzi alipigiwa, akataka kuona kumbukumbu, akatumiwa picha. Akasema kwamba ilimpasa aangalie hiyo kwanza, na kwamba atamwambia msichana mwenyewe. Kwa hiyo mkaguzi naye nisimweke vibaya. Alipima alichofundishwa kupima.

Madam amesema barua ya kesho itatoka, ila ni ya kumthibitisha msichana kazini. Kuhusu mimi, itakwenda kwa kamati ya kanisa, na hajui watasema nini. Mpaka hapo nywila kuu ya seva iko kwa msichana. Mimi nikitaka kugusa kitu namwomba, anafungua, anakaa karibu. Tena niandike kwenye kauntabuku kila nilichowahi kujenga kwa mkono kwenye ile mashine.

Tulikaa mchana kucha. Nilidhani ni kile kimoja. Tulipata vingine viwili kwenye ile rafu, kimoja cha kutengeneza nakala za akiba na kingine ambacho hata sikumbuki kilikuwa cha nini. Nikauliza kama tuvitoe mara moja. Akakataa.

"Hatutoi kitu leo. Andika kwanza ulijenga kwa nini."

Cha kwanza nilikuwa na sababu, nikaiandika. Cha pili nikasita, nikaanza kuandika kitu kuhusu kasi. Alikuwa anaangalia tu kalamu. Nikaandika: "Kifurushi kilikuwepo. Nilitaka kujenga." Akatia sahihi yake chini ya yangu. Halafu akachukua kifutio, akafuta yale maneno ya penseli, na juu ya lile neno lililokatwa akaandika tena kwa wino, "Imewekwa," na tarehe ya leo pembeni. Hakuniomba nishuhudie.

Nimefika nyumbani nikamweleza mke wangu yote, akiwa jikoni, mimi nimesimama mlangoni na soksi zenye matope mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya kamati, jambo ambalo nililitarajia. Aliuliza, "Na huyo msichana, ulimwomba msamaha?"

Nikarudisha siku yote nyuma, kwa Madam, kwenye chai, kwenye kauntabuku. Nilikuwa nimeeleza. Nilikuwa nimekiri, nimechapa, nimeandika, nimetia sahihi. Kuomba, sikuomba. Hata mara moja sikuomba.

Nikamwambia hapana.

Akachukua sahani. Tulikula muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa, na maharagwe, na sukuma kidogo iliyokuwa imebaki ya jana. Watoto waliongeza. Mimi nilimaliza yangu.